Kigawanyo cha asilimia 16: shule za mkataba zilivyoikausha hazina ya Chester Upland

Mwishoni mwa Agosti 2015, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, walimu na wafanyakazi wa wilaya ya shule ya Chester Upland, jimboni Pennsylvania, walipiga kura wakakubali kuanza mwaka wa masomo bila mshahara. Hazina ya wilaya haikuwa na fedha za kulipa hata mshahara wa kwanza wa Septemba. Haikuwa mara ya kwanza. Januari 2012 walimu wa wilaya hiyo hiyo walikubali jambo hilo hilo, na mmoja wao akaalikwa na Michelle Obama kuketi naye bungeni Rais alipotoa hotuba ya hali ya taifa. Sifa walipewa, lakini hesabu haikubadilika.

Wakati huo wilaya ilikuwa inazilipa shule za mkataba takriban dola milioni 64 kwa mwaka. Kiasi hicho kilizidi ruzuku yote iliyokuwa inapata kutoka serikali ya jimbo. Nusu hivi ya wanafunzi 7,000 wa eneo hilo walikuwa katika shule hizo, na nusu nyingine katika shule za kawaida za umma. Nusu kwa nusu, lakini nusu moja ilikuwa inameza ruzuku nzima. Ukitaka kuelewa ilikuwaje, iache siasa kwanza, uende kwenye kanuni ya hesabu.

Shule za mkataba, ambazo Marekani huitwa charter, ni shule za umma zinazoendeshwa na bodi zao kwa mkataba maalumu. Mzazi halipi ada, na shule haiwezi kutoza kodi. Sheria ya kwanza ya aina hiyo ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na Pennsylvania ikapitisha ya kwake mwaka 1997. Kila jimbo lina njia yake ya kuzilipa. Minnesota fedha hutoka jimboni moja kwa moja. Pennsylvania mlipaji ni wilaya anakoishi mtoto, na kiwango hutokana na matumizi ya wilaya hiyo. Msomaji wa Kenya amezoea kiwango kimoja rasmi cha ruzuku ya sekondari, shilingi 22,244 kwa mwanafunzi, awe Turkana au Mombasa. Pennsylvania ina wilaya za shule 500, kwa hiyo ina viwango 500 vya mwanafunzi wa kawaida na vingine 500 vya mwenye mahitaji maalumu. Watoto wawili wakikaa dawati moja katika shule moja ya mkataba, huyu akitoka wilaya hii na yule wilaya ya jirani, shule hulipwa fedha tofauti kwa kuwafundisha somo lile lile.

Shule ya kawaida ya umma hupata fedha kutoka mifuko mitatu. Wa kwanza ni kodi ya majengo inayokusanywa na wilaya yenyewe, wa pili ruzuku ya jimbo, na wa tatu, ulio mdogo, fedha za serikali ya shirikisho. Pennsylvania huegemea sana ule wa kwanza. Hapo ndipo Chester ilipoumia mapema. Mji huu wa kando ya mto Delaware, kati ya Philadelphia na Wilmington, uliishi kwa viwanda na karakana za meli. Vilipofungwa, thamani ya majengo ilianguka, na ukiitoza kodi nyumba isiyo na thamani hupati kitu. Wilaya iliwekwa chini ya uangalizi wa jimbo katika miaka ya 1990, zaidi ya miaka 15 kabla ya kisa hiki kufikia mahakamani. Anayesema shule za mkataba pekee ndizo zilizoifilisi Chester anaruka sura ya kwanza.

Kiwango cha mwanafunzi wa kawaida hupatikana kwa fomu ya Idara ya Elimu ya jimbo iitwayo PDE-363. Wilaya huchukua jumla ya matumizi yaliyomo katika bajeti yake, kisha hutoa vitu kadhaa: programu za shule zisizo za umma, elimu ya watu wazima, programu za vyuo vya jamii, usafiri wa wanafunzi, elimu maalumu, ujenzi na ukarabati mkubwa wa majengo, pamoja na malipo ya madeni na uhamisho wa fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kinachobaki hugawanywa kwa wastani wa wanafunzi wa kila siku wa mwaka uliotangulia. Wastani huo huhesabu wakazi wote ambao wilaya inawajibika kwao, wakiwemo waliokwishahamia shule za mkataba.

Vitu vinavyotolewa ndivyo vinavyozipa shule za mkataba hoja ya kusema zinapunjwa, na hoja hiyo ina uzito. Malipo ya madeni ndiyo gharama ya majengo. Wilaya ikijenga shule kwa mkopo, deni halimo katika kiwango, hivyo shule ya mkataba inabaki kulipia paa lake kwa fedha zilizokusudiwa masomo. Jimbo hurudisha sehemu ya kodi ya pango, lakini ni kidogo mno: dola 160 kwa mwanafunzi wa msingi na 220 kwa wa sekondari, kwa mwaka. Upande wa usafiri mambo yanageuka. Wilaya inalazimika kuwasafirisha wanafunzi wa shule za mkataba bure, ndani ya mipaka yake na hadi maili 10 nje ya mipaka hiyo. Kwa hiyo kuondoa usafiri kwenye hesabu hakuzipunji shule za mkataba, maana basi wanaletewa.

Kama mambo yangeishia kwenye kiwango cha kawaida, Chester Upland ingekuwa na matatizo ya kawaida. Kilichoivunja mgongo ni kiwango cha elimu maalumu.

Kwa mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu, shule ya mkataba hulipwa kiwango cha kawaida pamoja na nyongeza. Kwa shule zenye majengo, yaani zisizo za mtandaoni, nyongeza hupatikana hivi: matumizi yote ya wilaya katika elimu maalumu yanagawanywa kwa asilimia 16 ya wastani wa wanafunzi wote. Haitumiki idadi halisi ya wenye mahitaji maalumu. Ni asilimia 16 kila mahali, wilaya iwe na asilimia 12 au 25, kwa sababu watunga sheria walichukulia kwamba huo ndio uwiano wa jimbo. Chukua wilaya ya mfano yenye wanafunzi 7,000 inayotumia dola milioni 28 kwa elimu maalumu. Asilimia 16 ya 7,000 ni 1,120. Gawanya, utapata nyongeza ya dola 25,000. Kiwango cha kawaida kikiwa dola 10,000, shule ya mkataba italipwa dola 35,000 kwa mtoto mmoja. Sasa tuseme wenye mahitaji maalumu katika wilaya hiyo kwa kweli ni asilimia 22, yaani watoto 1,540. Wastani halisi wa matumizi ni dola 18,182. Wilaya inalipa dola 6,818 zaidi ya wastani wake yenyewe kwa kila mtoto, na ikiwa na watoto 500 wa aina hiyo katika shule za mkataba, ziada ni dola milioni 3.4 kila mwaka. Fedha hizo hazinunui huduma yoyote ambayo wilaya ingeinunua kwa bei hiyo.

Hilo ni kosa la kigawanyo. Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kutumia wastani mmoja kwa mahitaji yasiyolingana. Kuna mtoto anayehitaji tiba ya usemi nusu saa mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka wa wiki 36 hizo ni saa 36, na hata mtaalamu akilipwa dola 100 kwa saa, hesabu inafika dola 3,600. Kuna mwingine mwenye usonji mzito anayehitaji msaidizi wa kwake siku nzima, basi la peke yake, pengine nafasi katika shule maalumu nje ya wilaya, na gharama yake hupita dola 50,000 bila taabu. Kanuni inawapa wote wawili nyongeza ile ile ya dola 25,000. Ni bili ya hoteli inayogawanywa sawasawa kati ya aliyekula biriani na aliyekunywa chai ya rangi.

Shule yenye watoto wengi wa tiba ya usemi inapata faida, na wilaya iliyobaki na wenye mahitaji mazito inapata hasara, ingawa hakuna aliyevunja sheria. Hiyo ndiyo hoja serikali ya Gavana Tom Wolf iliyoipeleka mahakamani kuhusu Chester: shule za mkataba zilikuwa na sehemu kubwa ya wenye mahitaji mepesi, na wilaya ikabaki na wale wa gharama kubwa. Ongeza na hili, kwamba sheria haikuilazimu shule ya mkataba kuonyesha kuwa nyongeza yote ya elimu maalumu imetumika kwa elimu maalumu. Ikibaki, inaingia kwenye mfuko mkuu.

Kosa la tatu halionekani mpaka ufuatilie vitabu vya hesabu kwa miaka miwili mfululizo. Ada ambayo wilaya inailipa shule ya mkataba kwa mtoto wa mahitaji maalumu huandikwa kama matumizi ya wilaya ya elimu maalumu. Mwaka unaofuata matumizi hayo yanaingia tena juu ya mstari wa kugawanya. Rudi kwenye wilaya yetu ya mfano. Wakiongezeka watoto 100 wa mahitaji maalumu katika shule za mkataba, kila mmoja kwa dola 35,000, matumizi yanapanda kwa dola milioni 3.5 na kufika milioni 31.5. Kama darasa za wilaya zimebaki na walimu wale wale, nyongeza mpya ni 31.5 gawanya kwa 1,120, yaani dola 28,125. Kiwango kimepanda kwa dola 3,125 ingawa hakuna mtoto aliyeongezewa hata saa moja ya huduma. Wilaya ambayo nusu ya watoto wake wako shule za mkataba huzunguka katika mduara huu kwa kasi ambayo wilaya yenye asilimia tano haiwezi kuifikiria. Chester Upland ilifika takriban dola 40,000 kwa mtoto mmoja.

Watetezi wa mfumo hupenda kusema fedha humfuata mtoto. Pennsylvania kinachomfuata mtoto ni wastani, na wastani ule haukupimwa kwa mtoto yule.

Upande wa pili wa hesabu ni gharama zisizoondoka. Watoto 25 wakihama shuleni, ada ya wote 25 inahama mwezi huo huo. Lakini hawatoki darasa moja. Wawili wanatoka darasa la kwanza, watatu la pili, wanne la tano. Hakuna mwalimu wa kupunguza, tanuri la kupashia jengo joto linachoma mafuta yale yale, na basi linapita njia ile ile likiwa na viti vitupu. Mpaka ufunge shule nzima huokoi kitu cha maana. Jimbo lilijua hilo, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilizirudishia wilaya sehemu ya ada hizo. Mwaka wa fedha 2010-11 marejesho yalikuwa takriban dola milioni 224. Bajeti ya kwanza ya Gavana Tom Corbett, ya 2011-12, ikayafuta yote. Miezi michache baadaye, Januari 2012, ndipo walimu wa Chester Upland walipofanya kazi bila uhakika wa mshahara kwa mara ya kwanza. Anayeangalia tarehe hizo mbili hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa nini basi walikuwa walimu wa wilaya waliokosa mshahara, na si wa shule za mkataba? Jibu limo katika foleni ya malipo. Sheria inataka wilaya ilipe kwa awamu 12 sawa, kila awamu kabla au ifikapo tarehe 5 ya mwezi. Ikishindwa, shule ya mkataba inapeleka hati zake kwa Waziri wa Elimu wa jimbo, naye anakata kiasi hicho kutoka ruzuku ya wilaya na kuilipa shule moja kwa moja. Wilaya ina siku 30 baada ya makato kulalamika kwamba hesabu si sahihi, lakini fedha zimeshaondoka. Kwa hiyo shule ya mkataba iko mbele ya mwalimu wa wilaya, mbele ya kampuni ya umeme, mbele ya mkandarasi wa chakula. Wilaya ikipungukiwa, upungufu wote unaangukia waliobaki nyuma ya foleni. Ukiutazama kwa jicho la shule ya mkataba, utaratibu huo ni wa haki: shule haina kodi ya kutoza, na bila makato hayo wilaya ingeweza kuinyima pumzi.

Mwaka 2015 balaa liliongezeka na lingine. Pennsylvania iliingia Julai bila bajeti kwa sababu gavana na bunge hawakupatana, na mvutano ukaendelea hadi Machi 2016. Ruzuku zikasimama. Wilaya tajiri zilikula akiba na kodi za majengo za kiangazi. Chester Upland haikuwa na akiba, na ilikuwa na nakisi iliyozidi dola milioni 22. Serikali ya jimbo ilionya kwamba ingeweza kupita milioni 46 hesabu zisiporekebishwa.

Chini ya sheria ya mwaka 2012 kuhusu wilaya zenye dhiki ya fedha, Chester Upland ilikuwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa kwa idhini ya mahakama, na mpango wake wa kujikwamua ulihitaji kuidhinishwa na jaji. Agosti 2015 serikali ya Wolf na msimamizi wakapeleka mabadiliko mawili makubwa. La kwanza lilikuwa kushusha ada ya elimu maalumu kwa shule zenye majengo kutoka takriban dola 40,000 hadi 16,000. La pili lilikuwa kuweka kikomo cha dola 5,950 kwa mwanafunzi wa kawaida wa shule za mkataba za mtandaoni, ambazo kwa kanuni ya wakati huo zililipwa sawa na zile zenye majengo, ingawa hazina madarasa ya kupasha joto wala ukumbi wa chakula.

Tarehe 25 Agosti Jaji Chad Kenney wa kaunti ya Delaware alikataa kushusha ada. Kwa maoni yake mpango ule haukutosha kuirudisha wilaya katika hali ya kujitegemea. Wengi waliosikia uamuzi walimlaumu jaji. Hapa tunadhani walikosea shabaha. Kiwango kile hakikuwa mkataba mbaya ambao msimamizi aliusaini. Kilikuwa matokeo ya kanuni iliyoandikwa na bunge, na jaji wa kaunti hakuwa mahali pa kuandika kanuni mpya. Na shule za mkataba zilikuwa na hoja ya kweli ya vitendo. Kubwa yao, Chester Community Charter School, ilikuwa na maelfu ya watoto, na ukikata zaidi ya nusu ya ada ya elimu maalumu wiki moja kabla ya kufungua, unaacha mikataba ya watumishi iliyokwishasainiwa bila fedha.

Walimu wakapiga kura siku mbili baadaye. Shule zikafunguliwa.

Ufumbuzi ulikuja kwa mazungumzo. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huo, pande husika zilikubaliana kushusha ada ya elimu maalumu hadi takriban dola 27,000.  Ni kiasi ambacho upande mmoja ungeweza kukilipa na mwingine ungeweza kukimeza. Wilaya nyingine 499 ziliendelea na kigawanyo kile kile.

Dawa ya kanuni ilikuwa imeshaandikwa. Tume ya bunge kuhusu fedha za elimu maalumu ilitoa ripoti Desemba 2013 ikipendekeza makundi matatu kwa gharama ya mtoto: chini ya dola 25,000, kati ya 25,000 na 50,000, na juu ya hapo. Kila kundi lilipewa uzito wake: 1.51, 3.77 na 7.46. Kwa hesabu hiyo mtoto wa tiba ya usemi angehesabiwa kama mtoto mmoja na nusu, na mwenye usonji mzito kama saba na nusu. Mwaka 2014 bunge likautumia mfumo huo kugawa fedha mpya za jimbo kwa wilaya. Kwa shule za mkataba likakataa. Matokeo yake, wilaya inapokea fedha kwa mizani ya makundi matatu na kulipa kwa mizani ya wastani mmoja.

Mjumbe wa bodi au mzazi anayetaka kuikagua wilaya yake ya Pennsylvania aanze na fomu ya PDE-363 ya miaka mitatu iliyofuatana, si mmoja. Kwanza alinganishe asilimia halisi ya wenye mahitaji maalumu na ile 16: ikiwa juu ya 16, wilaya inalipa zaidi ya wastani wake, ikiwa chini, inalipa pungufu, na hapo shule za mkataba ndizo zinazoumia. Kisha aulize ni sehemu gani ya matumizi ya elimu maalumu ni ada iliyolipwa nje, maana hiyo ndiyo sehemu inayozunguka. Halafu ashuke kwenye ankara za kila mwezi, jina kwa jina. Makosa hujificha humo: mtoto aliyehama wilaya Oktoba bado anadaiwa Februari, au aliyekuwa mwanafunzi wa kawaida ameandikwa kwa kiwango maalumu tangu Julai wakati mpango wa elimu maalumu ulioandaliwa kwa ajili yake ulisainiwa Machi. Kwa tofauti ya dola 25,000 kwa mwaka, kosa la miezi minane kwa mtoto mmoja linakaribia dola 17,000. Hesabu za mwisho wa mwaka hurekebisha mengi ya haya, mradi kuna mtu wilayani mwenye muda wa kuyatafuta. Wilaya zenye dhiki ndizo kwanza hupunguza makarani.

Februari 2023 Jaji Renée Cohn Jubelirer wa Mahakama ya Jumuiya (Commonwealth Court), mojawapo ya mahakama za jimbo, aliamua kwamba mfumo mzima wa Pennsylvania wa kugharimia shule unakiuka katiba ya jimbo, katika kesi iliyofunguliwa na wilaya sita, zikiwemo William Penn, jirani ya Chester, na Lancaster, mji uliopokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo. Uamuzi huo unahusu mfuko wa kwanza na wa pili, yaani kodi ya majengo na ruzuku, wala haukugusa kanuni ya ada. Ada iliguswa Julai 2024, bunge lilipoamua kwamba nyongeza ya elimu maalumu kwa shule za mkataba za mtandaoni ihesabiwe kwa asilimia halisi ya wilaya badala ya 16, na kutenga dola milioni 100 kuzirudishia wilaya sehemu ya ada za shule hizo za mtandaoni. Mabadiliko hayo hayakuzihusu shule zenye majengo, zikiwemo zile za Chester, ambazo kigawanyo chao kiliachwa palepale kwenye asilimia 16.